Shangazi nisaidie: staa kanunua dawa kwetu, sasa kila mtu anataka kipande chake

Shangazi shikamoo. Pole na majukumu. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo naandika, na naomba jina langu usilitoe wala jina la famasi, maana bosi wangu na yeye anakusoma kila Jumapili akiwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki pale mlangoni.

Iko hivi. Nauza kwenye famasi maeneo ya Goba, nyumbani ni Kimara, nina mume na mtoto mmoja, na tunaishi na mdogo wake mume wangu, kijana wa miaka 22, yeye anasema ni msanii ila bado hajatoka. Sasa juzi juzi hapa, usiku kama saa tatu kasoro, nimeshaanza kuhesabu mauzo nataka nifunge, akaingia kaka mmoja kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, kaptula, ndala za kuogea zile za bluu na nyeupe, moja mkanda wake umekatika kaufunga na waya. Nikajua huyu mlinzi wa kwenye haya majumba ya huku juu kaagizwa na bosi wake. Akasema dada habari za kazi. Shangazi, ile sauti! Nilishtuka kabla hata sijamwangalia usoni, maana hiyo sauti naisikia kwenye daladala, kwenye redio, kwenye simu ya shemeji asubuhi mpaka usiku, hakuna harusi kwetu inaisha haijapigwa. Ni msanii mkubwa wa bongo fleva, simtaji, ila ukimtaja mbele ya mtoto wa chekechea atakuimbia kiitikio.

Nikajikaza nikamhudumia kama mteja mwingine. Nikamuuliza yale ninayomuuliza kila mtu, una aleji na dawa yoyote, kuna dawa nyingine unatumia sasa hivi, akajibu vizuri tu kwa upole, nikamwandikia kwenye bahasha kutwa mara ngapi na kabla au baada ya kula. Akaisoma ile bahasha pale pale akacheka, akasema dada mwandiko wako mzuri, we siyo wa hospitali. Akalipa kwa Lipa Namba, akaniambia usiku mwema, akapanda bajaji akaondoka. Hakuna Prado, hakuna mabaunsa, hakuna nini. Meseji ya malipo ikaingia kwenye simu ya duka na majina yake yote matatu ya kwenye NIDA, ambayo shangazi wala hayana ustaa wowote, ni kama ya mjomba wangu wa Kilosa.

Nikarudi nyumbani nimejawa, nikawahadithia. Mume wangu alicheka tu, ila shemeji swali lake la kwanza ni picha iko wapi. Nikasema sijapiga. Akasema basi hukumwona. Na hapo ndo mateso yalipoanza, nyimbo ikipigwa tu wananiambia mteja wako huyo anakuita, majirani wameshapewa habari, mama mmoja wa genge ananiita Mama Staa kwa dharau, nikinunua nyanya ananiuliza leo umemuuzia nani, Rihanna? Yaani nimekuwa muongo wa mtaa kwa kitu ambacho ni kweli tupu.

Kazini nilimwambia mwenzangu tunayepokezana zamu, yeye akamwambia bosi, bosi akafungua kamera. Si wakaikuta video! Iko safi kabisa, mimi natabasamu meno yote nje, yeye kofia imeinuka kidogo uso unaonekana, na dawa zenyewe ziko juu ya kaunta maboksi yameangalia juu. Bosi kairekodi kwa simu yake, anataka aiweke kwenye ukurasa wa famasi na maneno ya hata mastaa wanatuamini, ameshaongea na kijana wa kutengeneza mabango, anasema mwisho wa mwezi inatoka. Anasema hilo ndo tangazo la bure alilokuwa analiomba kwa Mungu.

Mume wangu na yeye sasa hivi hacheki tena. Ana rafiki yake anajuana na watu wa ukurasa mmoja wa udaku, wamesema wakijua kanunua dawa gani watatoa laki mbili, wakipata na video wanaongeza. Anasema ada ya mtoto hiyo, na jina lako halitajwi nani atajua. Shemeji yeye hataki hela, anataka namba tu niitoe kwenye simu ya duka amtumie demo. Anasema dada we unakalia bahati yangu.

Shangazi sijamwambia mtu yeyote duniani ile dawa ni ya nini. Mwenzangu na bosi wameona kwa kamera. Ila sikufichi, kuna siku natamani ile video itoke tu ili mama wa genge anyamaze. Sasa naomba uniambie, bosi nimkatalie vipi nisifukuzwe, mume nimwambie nini, na je kumwambia mtu tu kwamba alikuja ni vibaya? Na akirudi tena, kupiga naye selfi ni dhambi?

Mimi Mwandiko Mzuri, Goba.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba Mwandiko Mzuri, marahaba sana mwanangu. Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu pale kwenye ndala ya waya, halafu nilipofika kwenye maboksi yaliyoangalia juu kicheko kikaniisha.

Tuanze na bosi maana yeye ndo ana tarehe, wengine wote hapo ni kelele tu. Ile video isitoke. Na usimkatalie kwa kusema unamwonea huruma yule msanii, bosi hatakuelewa, mkatalie kwa lugha ya biashara. Muulize hivi, bosi, kuanzia saa mbili usiku wateja wetu ni akina nani? Wewe unawajua kuliko mimi. Ni binti anayesubiri duka liwe tupu ndo anong'one P2. Ni baba mzima anayezunguka rafu ya miswaki mara tatu kabla hajasema shida yake ya chumbani. Ni mama wa watu anayenunua kipimo cha mimba anakificha kwenye khanga. Hao wote wanavaa kofia, siyo staa peke yake. Siku wakiiona hiyo video na maboksi yanasomeka, watajua kumbe hapa kuna kamera na kamera ina mdomo, na kesho yake wanapanda bajaji kwenda famasi ya Tangi Bovu ambako hakuna anayewajua. Staa mmoja hawezi kuwafidia hao.

Halafu kuna sheria, na hapa mwambie taratibu bila kumtisha. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake kabisa. Picha ya mtu ni taarifa yake, namba yake ni taarifa yake, na mambo ya afya yamewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti ambazo zinabanwa zaidi. Kamera mliifunga kwa ajili ya wezi. Kuichukua ya wezi ukaifanya ya matangazo bila kumuuliza mwenye sura, hapo umeshatoka kwenye kilichokufanya uifunge. Famasi pia ina mlezi wake, Baraza la Famasi, na sidhani kama bosi anataka wakaguzi waje kumuuliza kwa nini dawa za mgonjwa ziko Instagram.

Akikwambia hizo sheria za makaratasi tu, mhadithie ya majirani. Kenya Septemba 2023 kamishna wa data aliipiga klabu moja ya starehe pale Nairobi faini ya shilingi za kwao 1,850,000, kosa lenyewe kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Na huyo mteja hakuwa staa wa chochote, alienda kula raha zake tu. Sasa wewe fikiria ni famasi, na mteja ana mawakili.

Kuna jambo jingine bosi wako amelisahau kabisa. Kutangaza biashara za watu ndo sehemu ya kazi ya hao wasanii, wanasaini mikataba, wanalipwa, na mara nyingi mkataba wa bidhaa moja unamkataza kuonekana na nyingine. Kwa hiyo hilo siyo tangazo la bure, ni tangazo la kuchukua bila kulipa, na bili inakuja baadaye. Na wewe mwenyewe uko kwenye video, meno yote nje! Hata ridhaa yako hajaomba. Mwambie bosi mimi sikubali kuonekana kwenye hiyo video, uliseme kwa adabu lakini uliandike kwenye WhatsApp, siyo mdomo tu, ili kesho ikivuja usiambiwe wewe ndo uliyeitoa. Na umwombe afute ile aliyoirekodi kwenye simu. Mashine ya kamera yenyewe haina shida, ikijaa huwa inajifuta inaandika juu, ya simu ndo haijifuti, ya simu inasafiri.

Mwenzako wa zamu na yeye mkanye. Mwaka 2007 mwigizaji George Clooney alipata ajali ya pikipiki huko New Jersey Marekani akakimbizwa hospitali, na wafanyakazi 27 wakasimamishwa mwezi mzima bila mshahara kwa sababu walifungua faili lake bila kuwa na kazi nalo. Kufungua tu. Clooney mwenyewe akawa anawaombea wasisimamishwe, lakini hospitali haikusikiliza. Kwa hiyo ile ya twende kwenye kamera tumuone, wengi wanaiona utani, kwenye kazi zenu siyo utani.

Sasa baba watoto.

Mwanangu hapa nataka ukae chini umsomee hii. Kulikuwa na mwigizaji wa Marekani Farrah Fawcett, enzi za ujana wetu mabango yake yalikuwa kwenye saluni nusu ya dunia. Akaumwa kansa, akawa anatibiwa UCLA kule Los Angeles, na kila akitoka hospitali habari zake zinatangulia kwenye gazeti la udaku, wakati mwingine kabla hajawaambia hata nduguze. Akaanza kuwashuku watu wake wa karibu, fikiria unaumwa hivyo halafu unawaangalia rafiki zako na jicho la wizi. Mwisho akaweka mtego. Mwaka 2007 ugonjwa uliporudi akawaficha makusudi ndugu na marafiki, akabaki anajua yeye na hospitali. Haikupita muda ikatoka gazetini. Basi akajua.

Aliyekuwa anatoa ni mfanyakazi wa ofisini wa ile hospitali, mama wa kawaida tu kama mimi na wewe. Waendesha mashtaka walisema gazeti lilimlipa angalau dola 4,600, na hundi hazikuandikwa jina lake, ziliandikwa jina la mume wake. Alikiri kosa mahakamani Desemba 2008.

Jina la mume, umeona? Mtu alifikiri hivyo hivyo anavyofikiri baba watoto, kwamba jina lako halitajwi nani atajua. Sasa kwako wewe ni rahisi zaidi kujulikana, maana usiku ule dukani mlikuwa wawili. Msanii akiiona dawa yake mtandaoni hana haja ya mtego wala polisi, atakumbuka tu yule dada mwenye mwandiko mzuri. Laki mbili utailipia ada ya muhula mmoja, halafu muhula unaofuata huna kazi, na famasi gani nyingine itakuchukua? Na kwa sheria yetu mtu mmoja mmoja anayetoa taarifa za mwenzake kinyume cha sheria anaweza kupigwa faini mpaka milioni 20 au jela mpaka miaka 10 au vyote. Mpigie hesabu hiyo mumeo kwenye karatasi, wanaume wengine wakiona namba ndo wanaelewa.

Na akisema basi tuwape kitu kidogo tu, useme hata alinunua Panadol, kataa. Hao watu wa udaku Panadol wanaigeuza figo kabla ya saa sita mchana. Nimewaona wakifanya hivyo kwa mtu aliyekwenda kumtembelea mgonjwa Muhimbili, wakaandika kalazwa yeye, ndugu zake wakapanda basi toka mkoani wanalia.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na wewe kazi yako ni ya uosha mwanangu, ila wako wako hai wanarudi kesho na bahasha nyingine.

Namba. Namba iko kwenye simu ya duka, ibaki kwenye simu ya duka. Hakukupa wewe, hakumpa shemeji, alilipia dawa. Hili huwa tunalichukulia poa sana hapa kwetu, mtu akilipa kwa simu basi keshokutwa anapigiwa na wakala, dereva bodaboda anaanza kutuma mambo mrembo saa tano usiku, na dada zangu wengi mnajua ninachosema na mnavyokichukia. Basi ni kitu hicho hicho, kwake kinauma zaidi kwa sababu akibadilisha namba anabadilisha na maisha yote ya kibiashara yaliyofungwa kwenye hiyo laini. Hata yale majina matatu usiyaseme kwa shemeji, najua yanachekesha, najua yanakuwasha ulimini, meza tu.

Haya, kuhusu kuitwa muongo. Hapa ndo naona barua yako inauma kweli, mengine yote ulishajua jibu kabla hujaniandikia. Umekutana na kitu cha raha maishani mwako, umekihadithia nyumbani, na wamekudai risiti. Ulivyowaambia kwamba alikuja hukufanya kosa kubwa, ungeweza kuacha lakini we binadamu, usiku ule ulikuwa na jambo lako la kuhadithia. Ila kwenye famasi hata kusema fulani alikuja ni nusu ya habari, maana mtu wa pili atauliza alifuata nini. Duka la viatu ungesema mpaka uchoke. Kwa hiyo kuanzia sasa ukiulizwa jibu lako ni kucheka. Usibishe, usiape, usitoe ushahidi. Mama wa genge akisema Rihanna mwambie eeh, kachukua na nyanya zako mbili. Utani ukikosa wa kubishana naye unakufa wenyewe ndani ya wiki.

Na mi nashangaa sana hiki kizazi cha picha iko wapi. Hawa watu maarufu wetu hawakushuka na parachuti. Mbwana Samatta watu wa Mbagala wanamjua tangu hajaota ndevu, siku anafunga kwa kichwa pale Wembley Machi 2020 na Aston Villa dhidi ya Manchester City kuna wazee walikuwa wanasema huyu nilimtuma sigara, na hakuna aliyewaambia leta picha. Zanzibar Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa anakatiza vichochoro vya Unguja na miguu yake, mwanamke ana tuzo ya WOMEX ya 2005 na ameimba Ulaya na Japani, na watu wanamwamkia bibi shikamoo wanaendelea na safari. Kule kwa wakimbiaji ndo usiseme kabisa, Kaptagat Eliud Kipchoge, yule aliyekimbia marathoni kwa 1:59:40 pale Vienna mwaka 2019, kambini alikuwa na zamu ya kusafisha choo kama wenzake. Iten ukisimama barabarani asubuhi mabingwa wanakupita na vumbi lao, na anayeuza mandazi anauza mandazi. Wangesimama kupiga selfi na kila bingwa nani angekunywa chai?

Unajua kwa nini yule kaka alikuja na ndala ya waya na bajaji? Alikuja kwa sababu alitaka nusu saa ya kuwa mtu. Kuna mchezaji mmoja wa zamani wa Taifa Stars nilisimama naye foleni ya samaki pale Feri, muuzaji alipomtambua tu bei ya changu ikapanda na mate juu, legendi huwezi kukosa bwana, legendi toa elfu kumi zaidi. Yule mzee akalipa bila kubishana, akachukua samaki wake akaondoka, na mimi niliyefuata nikauziwa kwa bei ya chini kabisa samaki yule yule. Ndo maisha yao hayo. Wewe ulimuuliza kama ana aleji. Mwanangu sijui kama unaelewa ulimpa kitu gani, ulimuuliza swali ambalo mashabiki milioni hawajawahi kumuuliza, na akakujibu kwa upole, akakusifia mwandiko. Hiyo ni yako, hakuna kamera inayoweza kuipa uzito zaidi na hakuna mama wa genge anayeweza kuifuta.

Selfi. Dhambi siyo dhambi. Ila ndani ya famasi, wewe ukiwa upande wa ndani wa kaunta na yeye ana dawa mkononi, usiombe hata kama anatabasamu, kwa sababu pale hana uhuru wa kukataa vizuri, anahitaji dawa yake. Ukikutana naye kwingine, kwenye shoo, kwenye harusi, Mlimani City anakula aiskrimu yake peke yake, msogelee, msalimie kwanza kama mtu, omba mara moja, akisema leo hapana dada basi mtakie siku njema na usimpige ya kuibia ukiwa umegeuka. Akiwa na watoto acha kabisa. Akiwa kanisani au msikitini au msibani acha kabisa. Na akirudi dukani mhudumie kama ulivyofanya, muulize dawa ilimsaidia, ila kwa sauti ya chini, na kama mwenzako wa zamu yupo mtume akahesabu stoo.

Lingine dogo kuhusu kazi, yale maboksi. Weka mkono wako uwe na mazoea ya kuyageuza chini au kuyatia kwenye mfuko mapema, hata kwa mteja wa dawa ya mafua, maana anayesimama nyuma kwenye foleni ana macho. Na mwombe bosi ile kamera aizungushe kidogo iangalie mlango na droo ya hela badala ya kaunta, wezi wanapita mlangoni, kaunta wanapita wagonjwa.

Bosi akikukasirikia akitaka kukufukuza kwa sababu ya hilo niandikie tena, ila sidhani. Watu wa biashara wakishapoa wanasikia, hasa ukimtajia wale wateja wa saa mbili usiku mmoja mmoja bila majina. Mwambie kabla ya yule kijana wa mabango hajalipwa advansi, akishalipa ataona hasara.

Kwa shemeji wewe usimkatie tamaa maana huwezi jua, wote hao walianza kwenye vyumba vya kupanga na demo mkononi. Lakini njia ipo na haipiti kwenye simu ya duka. Wasanii wakubwa wengi wameweka anwani ya barua pepe ya menejimenti pale juu kwenye kurasa zao za Instagram, iko pale kwa ajili ya watu wa kazi na wengine kama yeye, hailipiwi na haimfukuzishi mtu kazi. Atume wimbo mmoja, siyo kumi na mbili, aandike jina lake na namba yake, na ahakikishe umefanyiwa miksi vizuri, maana shangazi niliwahi kutumiwa mmoja hapa katikati ya ubeti wa pili kuna jogoo anawika na mtu anauliza nani kachukua ndoo.